Kidonge Kisicho na Cheti

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Fundi Saa kwenye kiti chake cha kazi, kidonge kiko juu ya ulimi, glasi ya maji imefika kidevuni, na binti yake amesimama mlangoni na kiatu kimoja tu mguuni, akipiga kelele: "Baba, tema!"

Wiki nzima mmeniandikia. Mmoja wenu kaapa kulisusia gazeti hili iwapo mzee atakufa. Basi kaa kitako, ndugu yangu, maana alichofanya mzee hakuna hata mmoja kati yenu aliyekibashiri.

Alishtuka, akameza.

"Nimesema tema!"

"Na mimi nimemeza," alijibu Fundi Saa, akijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Unampigia mtu ukelele ana kitu mdomoni, unategemea nini? Na kiatu chako kingine kiko wapi?"

Binti hakujibu habari za kiatu. Wanamwita Bofya, jina alilopewa na baba yake huyu huyu, kwa sababu kila kitu cha nyumba ile, kuanzia mapazia hadi sufuria, amekinunua kwa kubofya simu. Amelizoea jina lake na hulicheka. Leo, akilikumbuka, lilimchoma.

"Baba, hizo dawa ni za bandia."

Kwa aliyejiunga nasi leo: mzee ana vali ya chuma ndani ya moyo, mwaka wa tisa sasa. Kila siku saa sita mchana humeza kidonge kimoja cha kuzuia damu isigande. Asipomeza, damu hujikusanya kwenye kile chuma ikawa bonge, na bonge likiikwamisha vali, mtu amekwisha. Akizidisha, anavuja damu kwa ndani. Njia ni nyembamba, na mzee ameipita miaka tisa bila kuteleza.

"Bandia kasema nani? Si ulisema umezichunguza?"

"Nilizichunguza, baba."

Na kweli alichunguza, tusimwonee. Duka la dawa la hospitali lilipoishiwa, alitafuta mtandaoni. Duka la kwanza lilitaka picha ya cheti cha daktari. Akatuma. Mfamasia akampigia simu na maswali kama ya mkwe: mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, damu ilipimwa mara ya mwisho lini, daktari aliyeandika cheti anapatikana wapi. Kifurushi kingetoka baada ya yeye kuzungumza na daktari huyo. Bofya akaona huo ni usumbufu.

Duka la pili halikuuliza hata jina la mgonjwa. Lilisema cheti si lazima, na kesho yake dawa ikawa mlangoni.

"Chini ya ukurasa wao pana namba ya leseni," Bofya alieleza, pumzi zikimpaa. "Nikaingia kwenye orodha ya baraza la wafamasia, nikaiandika ile namba. Ikatokea alama ya kijani. Leseni hai!"

"Sasa?"

"Sasa dakika chache zilizopita yule mfamasia wa duka la kwanza amenipigia. Cheti chako anacho, dawa hatukuchukua, akaingiwa na wasiwasi unatumia nini. Nikamwambia tulishanunua kwingine, tena kwa wenye leseni halali. Akasema nimsomee namba. Nikamsomea. Akasema, soma tena. Nikasoma."

"Halafu?"

"Akasema, 'Dada, hiyo ni leseni yangu.'"

Glasi ilirudi mezani taratibu. Fundi Saa alimtazama binti yake juu ya miwani.

"Wameiba namba yake wakaibandika kwao. Hiyo nimeelewa. Lakini kwenye hiyo orodha, chini ya hiyo kijani yako, jina la duka halikuandikwa?"

"Liliandikwa. Na namba ya simu pia iliandikwa."

"Ukasoma?"

Bofya alitazama chini. "Niliangalia rangi, baba. Jina sikusoma."

"Miaka arobaini nawaambia watu, usinunue saa kwa uso wake, mwambie muuzaji aifungue mgongo. Wateja wananisikia. Wewe nimekuzaa na kukulea humu humu, hukusikia."

Maneno yale yalimkata maini msichana. Aliiweka simu kwenye meza ya kazi, kati ya saa mbili zilizofunguliwa, akabonyeza spika. Mfamasia bado alikuwa hewani.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?" Maana dunia ikitaka kuanguka, Fundi Saa hataacha kumjulia mtu hali.

"Sijambo, mzee. Dada, amemeza cha leo?"

"Amemeza," Bofya alisema.

"Basi hicho kimekwenda. Nisomeeni namba ya toleo kwenye boksi, haraka."

Baba na binti walitazamana.

Hapa ndipo penye tatizo la nyumba hii, msomaji wangu. Fundi Saa hapendi maboksi. Skrubu, springi, mishale ya saa, kila kitu katika karakana yake hukaa kwenye vikopo vidogo vya shaba vyenye kifuniko cha kioo. Na dawa yake vilevile. Inapoingia, huimimina kwenye kikopo, na boksi huenda na takataka.

"Boksi hakuna," alisema.

"Na zile za hospitali zilizokuwa zimebaki?"

"Nilizimwagia humo humo. Dawa ni ile ile, nizitenge za nini?"

Mfamasia alishusha pumzi hadi wote wakaisikia. "Mzee, macho yako yanaona vizuri?"

"Mimi natengeneza saa ndogo kuliko kucha yako."

"Haya. Zimimine zote uzitazame. Niambie kama zinafanana."

Mzee alitandika kitambaa cheupe, akamimina vidonge, akabana lenzi kwenye jicho la kulia. Akaokota kidonge cha kwanza kwa kibano, kisha cha pili, kisha cha tatu. Bofya alisimama nyuma yake na roho mkononi. Kidonge kimoja kilikwenda kushoto, viwili kulia, kimoja kushoto.

"Havifanani," mzee alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imepungua nguvu. "Hivi vya kushoto, mstari umepita katikati sawasawa na ukingo ni laini. Hivi vya kulia mstari umekwenda upande, na ukingo unamong'onyoka. Aliyevikata hivi si fundi."

"Siku ulipovichanganya, vya hospitali vilikuwa vingapi?"

"Kumi. Nakumbuka, maana nilimwambia Bofya nimebakiwa na siku kumi tu."

"Sasa kushoto viko vingapi?"

Alihesabu. Akahesabu tena.

"Tisa."

"Na leo ni siku ya ngapi tangu uvichanganye?"

Bofya ndiye aliyejibu, kwa sauti ya mtu anayekiri mbele ya hakimu. "Ya kumi na nne."

Fanya hesabu mwenyewe. Siku kumi na nne, vidonge kumi na vinne, cha kweli kimoja.

"Basi si shida," Fundi Saa alisema, na mkono ukaenda kwenye fungu la kushoto. "Nameza vya kweli vitatu sasa hivi, nafidia."

"Usiguse!" Simu ilitaka kuruka mezani. "Mzee, hata kimoja! Dawa hii hailipwi kama deni la dukani. Na hatujui hivyo vingine vina nini. Unakwenda hospitali kupimwa damu, sasa hivi."

"Najisikia mzima kabisa. Nina saa ya mwalimu mkuu hapa, nimemwahidi saa kumi. Nikimaliza..."

Sikio la kufa halisikii dawa, walisema waliosema. Mzee alikwisha kuivuta ile saa ya mwalimu mkuu na kushika bisibisi. Bofya alianza kulia. Mfamasia alikuwa akisema jambo kwenye spika na hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Ndipo mke wa Fundi Saa alipoingia, ameshika kiatu cha binti yake alichokiokota kwenye ngazi.

Alikuwa amesimama nje ya mlango muda mrefu kiasi cha kusikia yote. Alikiweka kiatu sakafuni, akavuta stuli, akaketi karibu kabisa na mumewe.

"Mume wangu, moyo wako haulii."

"Unasema nini?"

"Moyo wako. Siusikii."

Ile vali ya chuma hulia. Tik, tik, tik, kutwa kucha. Miaka tisa mama huyu amelala karibu na mlio huo. Wageni waliolala chumba cha pili waliwahi kuuliza ni saa gani ile isiyochoka, na mzee akawajibu kwamba ni saa pekee ndani ya nyumba ambayo hawezi kuifungua.

"Tangu juzi mlio umekuwa mzito, kama mtu anagonga mlango kwa kitambaa. Nikadhani ni masikio yangu. Nikasema uzee huo umefika. Nikaona aibu kukwambia."

Bofya alipiga magoti na kuweka sikio kwenye kifua cha baba yake. Alisikiliza. Akaligandamiza sikio zaidi. Mzee alikuwa akimtazama utosi, na bisibisi ilikuwa bado mkononi. Mtu huyu ameishi kwa kusikiliza vitu vinavyolia, akijua kwa sikio tu kipi kizima na kipi kina ugonjwa. Mlio wake mwenyewe alikuwa ameuzoea hata akaacha kuusikiliza.

"Bofya," aliuliza polepole, "mama yako anasema kweli?"

"Ni kweli, baba."

Bisibisi iliwekwa chini.

"Mama amesema mlio umefifia?" Mfamasia alikuwa akipaza sauti sasa. "Nisikilizeni. Mzee asiinuke kwenye kiti. Asishuke ngazi kwa miguu yake. Iteni gari la wagonjwa. Bebeni vidonge vyote, kila fungu kwenye karatasi yake. Mimi napiga simu hospitali, wawangoje mlangoni."

Hatutapoteza nafasi ya gazeti kwa habari za barabarani. Saa tisa kasoro robo mzee alikuwa kitandani kwenye chumba cha dharura, sindano ya dripu mshipani, midomo imepauka. Alikuwa anahema sasa kama mtu aliyepanda mlima, yeye aliyejisikia mzima kabisa.

Daktari aliwaonyesha picha ya moyo kwenye skrini.

"Vali hii ina majani mawili, ndiyo milango yake. Hili linafunguka na kufungika, mnaliona. Hili jingine halitikisiki. Limekwama kwa bonge la damu. Kipimo cha damu kinaonyesha inaganda kama ya mtu asiyetumia dawa yoyote."

"Mpasueni mtoe hilo bonge," mama alisema.

"Mama, hapa hatupasui moyo. Wanaopasua wako mbali, safari ya saa tano. Hatafika."

"Kwa hiyo?"

"Iko dawa ya kuyeyusha bonge. Ninayo kwenye friji ile pale."

"Sasa unangoja nini, mwanangu?"

Kabla daktari hajajibu, mzee aliinua kichwa kitandani. Hata pale alitaka kumpoza binti yake. "Msimlaumu sana mtoto," alisema kwa taabu. "Dawa yake si mbaya yote. Wiki mbili hizi magoti yangu yamepona kabisa. Sijasikia maumivu hata siku moja."

Kalamu ya daktari ilisimama.

"Umesema magoti?"

Aliwavuta mama na binti nyuma ya pazia na kuongea kwa sauti ya chini. Wapo wanaotengeneza vidonge vya bandia, alisema, wakatia humo dawa kali ya maumivu. Mgonjwa anaona nafuu, anarudi kununua. Dawa hizo zinaweza kula tumbo kimyakimya. Kama mzee ana kidonda tumboni, na yeye akampa dawa ya kuyeyusha damu, atavuja na hakuna atakayeweza kumzuia asivuje.

"Vipimeni hivyo vidonge!" Bofya alilia.

"Maabara inayoweza kuvipima itajibu kesho kutwa."

"Na baba ana muda gani?"

"Saa moja. Labda pungufu." Daktari alivua miwani. "Anayejua kilichomo ni aliyevitengeneza tu."

Bofya alitoa simu. Namba ya huduma kwa wateja alikuwa nayo. Alishazungumza na mtu wa namba ile mara tatu nne, kijana mpole mwenye maneno ya asali, na kila mara alikata simu akitabasamu.

"Mpendwa mteja, karibu sana! Nikusaidie nini leo?"

"Kaka, ni mimi. Zile dawa za moyo."

"Oo, dada! Unaagiza tena?"

"Baba yangu yuko hospitali, vali imekwama. Polisi sijawaita. Jina lako silitaki. Nataka neno moja tu kutoka kwako. Mle ndani mmetia dawa ya maumivu, au hamkutia?"

Simu ilikatwa. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

Mama alitoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba, ile ndogo ya vitufe. Akaomba asomewe namba, akaibonyeza kwa kidole gumba, na kwa namba hii ngeni simu iliita.

"Mpendwa mteja, karibu..."

"Mwanangu, usikate. Mimi ni mama wa yule uliyemkatia."

Hakukata.

"Wewe una mama?"

Alijibu kwa sauti isiyo na asali tena: "Ninaye."

"Anatumia dawa?"

"Ya presha."

"Humnunulia wapi?"

Daktari alikuwa ameinama karibu na simu. Bofya alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili. Upande wa pili walisikia mlango ukifungwa, kisha hatua za mtu anayetoka nje.

"Duka la hospitali," kijana alisema. "Kwa cheti."

"Basi unanielewa. Niambie mume wangu amekula nini."

"Wanga, mama." Alikuwa ananong'ona. "Wanga na chokaa, na rangi kidogo. Hakuna kingine chochote."

Daktari alitikisa kichwa na kugonga goti lake kwa kidole. Mama akaelewa.

"Mbona magoti yake yamepona?"

"Wengi husema hivyo, mama. Mtu akishanunua dawa huona nafuu. Kuna mmoja alituandikia kwamba ameota nywele."

"Unaapa?"

"Naapa kwa huyo mama yangu."

Simu ikakatika, na safari hii haikupatikana kwa namba yoyote.

Daktari alirudi na karatasi moja na kalamu. Sindano ilikuwa tayari kwenye sinia, nesi ameishika sinia kwa mikono miwili.

"Akiwa amesema kweli, dawa hii itamwokoa mzee," alisema. "Akiwa amedanganya, dawa hii itamwua mbele yetu. Tusipofanya chochote, bonge litamwua kabla ya jioni. Siwezi kuweka saini kwa niaba yenu, mama."

Mama alichukua kalamu. Akaweka ncha juu ya mstari wa saini, asiandike. Aligeuka akamtazama binti yake, na hapakuwa na lawama usoni mwake hata chembe, jambo lililomuumiza Bofya kuliko kofi.

"Mwanangu, sauti ya yule kijana mimi nimeisikia leo. Wewe umezungumza naye siku ngapi akikudanganya. Akiongopa anavyosikika, unamjua. Sasa niambie. Leo amesema kweli?"

Mara ya mwisho Bofya alipomwamini mtu yule, alikuwa na uhakika kabisa.

Nyuma ya pazia mashine ya mzee ilianza kulia mfululizo. "Daktari!" nesi wa pili aliita. "Daktari, njoo!"

"Bofya," mama alisema, kalamu juu ya karatasi. "Nijibu, mwanangu. Ndiyo au siyo?"